Kisome kiwanja kabla ya kuchora ramani: nyumba ya Dar es Salaam isiyotegemea kiyoyozi

Watu wengi wanaonijia wakitaka kuchorewa nyumba huja na ramani tayari kwenye simu, mara nyingi ya nyumba yenye paa la kuficha na vioo vikubwa mbele, na swali lao la kwanza huwa ni gharama ya kuijenga. Mimi huomba kwanza twende tukakione kiwanja. Ramani ile huenda ilichorwa kwa ustadi, lakini aliyeichora hakujua barabara yako iko upande gani, jirani amejenga wapi, ardhi inateremkia wapi na upepo unaingilia wapi. Katika jiji la joto na unyevu kama Dar es Salaam, mambo hayo ndiyo yanayoamua kama chumba chako kitalalika kwa feni peke yake au kama utakuwa unanunua uniti za LUKU kila mara kwa ajili ya kiyoyozi. Nyumba inayotumia umeme kidogo hupatikana zaidi kwa jinsi ilivyokaa kwenye kiwanja kuliko kwa vifaa vilivyofungwa ndani yake, na kuikalisha vizuri hakuongezi gharama, mradi uamuzi ufanyike kabla msingi haujachimbwa.

Nianze na jua, kwa sababu ndilo linaloleta sehemu kubwa ya joto ndani ya nyumba. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua la mchana hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, likiwa limeinuka nyuzi 60 hivi, na Desemba hupita upande wa kusini kwa nyuzi 73 hivi. Jua lililo juu kiasi hicho ni rahisi kulizuia. Kama kutoka chini ya upenu hadi chini ya dirisha ni mita 1.5, upenu unaotokeza sentimita 90 unatosha kulitia dirisha la kaskazini kivulini wakati wa adhuhuri hata Juni, na kwa dirisha la kusini sentimita 50 zinatosha mwezi wa Desemba.

Upande wa magharibi hesabu hiyo inakataa kabisa. Ikifika saa 11 jioni jua limebaki nyuzi 20 hivi juu ya upeo wa macho, na dirisha lile lile lingehitaji upenu wa mita 4 ili libaki kivulini. Zaidi ya hapo, ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 hunywa joto alasiri nzima na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, yaani wakati ule ule watu wanapanda kitandani. Wengi hudhani chumba chao kina joto kwa sababu ni kidogo, ilhali tatizo ni kwamba kitanda kimeegemezwa ukuta uliopigwa na jua tangu saa nane mchana.

Kwa sababu hiyo sipendekezi paa la kuficha kwa nyumba za pwani. Kinachofichwa pamoja na bati ni upenu, na ukuta usio na upenu hupigwa na jua mwaka mzima na mvua kila masika, mpaka rangi inavimba na unyevu unaingia. Mteja akishikilia, namchorea vibao vya zege vinavyotokeza juu ya kila dirisha la kaskazini na kusini, na nahakikisha upande wa magharibi hauna dirisha la chumba cha kulala.

Kiwanja kimoja cha Goba kinaonyesha vizuri jinsi mambo haya yanavyokutana. Kilikuwa mita 20 kwa 30, barabara ikiwa magharibi kwenye upande mfupi, na ardhi ikiteremka taratibu kuelekea bondeni mashariki. Ramani aliyokuja nayo mama mwenye kiwanja ilikuwa ya nyumba yenye upana wa mita 16 inayoitazama barabara, sebule ikiwa mbele na kioo kutoka sakafuni hadi darini. Tulikwenda pale saa 10 alasiri, kwa makusudi, tukasimama mahali ambapo sebule ingekuwa. Jua lilitupiga usoni kiasi kwamba hatukuweza kuitazama barabara bila kukinga macho kwa mkono. Isitoshe, nyumba ya mita 16 ingeacha mita 2 tu kila upande, na ukuta wa jirani wa kusini ulikuwa umekwisha kupanda, kwa hiyo madirisha ya ubavuni yangefunguka kwenye kichochoro kisicho na hewa.

Tuliigeuza nyumba. Ubavu wake mrefu ukalala kutoka mashariki hadi magharibi, upana wake ukawa mita 10, zikabaki mita 5 kusini na mita 5 kaskazini. Upande wa barabara tukaweka maegesho ya gari, stoo, choo cha wageni na ngazi, vyumba ambavyo havilaliwi na vinavyoweza kubeba joto la jioni bila kumsumbua mtu. Sebule ikaenda mashariki kuliangalia bonde, na mlango mkuu ukafunguka kwenye kibaraza kirefu cha kaskazini. Mama aliniuliza wageni watauonaje uzuri wa nyumba kama sebule imejificha nyuma, na ni swali la haki, kwa maana nyumba ni heshima ya mtu. Jibu langu lilikuwa kibaraza chenyewe: mgeni anaingia getini, anatembea kivulini kando ya bustani, ndipo anafika sebuleni ambako kuna upepo. Alikubali, na kibaraza hicho ndicho anachokitumia kupokelea wageni hadi leo.

Upepo wa pwani yetu una mazoea yanayojulikana tangu enzi za majahazi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali, kwa hiyo huo ndio upepo wa kuutafuta zaidi. Nyumba iliyolala mashariki hadi magharibi huupokea upepo wote kwa mshazari kupitia nyuso zake ndefu, na mshazari huo hauzuii hewa kupita, mradi kila chumba kiwe na pa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye madirisha mawili kwenye ukuta mmoja hupata upepo kidogo sana. Pasipowezekana kutoboa kuta mbili, huwa naacha matundu juu ya mlango wa ndani ili hewa itokee koridoni.

Kuhusu madirisha yenyewe nina msimamo. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu hata ukilifungua lote, ilhali la bawaba na la luva hufunguka karibu lote. Wavu wa mbu, ambao hauepukiki, hupunguza kasi ya upepo kwa kiasi kikubwa. Inapowezekana, wavu ufungwe kuzunguka kibaraza kizima badala ya kwenye dirisha, ili upepo upite kwenye eneo kubwa zaidi. Urefu kutoka sakafuni nao hufikiriwa kwa nadra. Tumezoea dirisha kuanza sentimita 90 au mita 1 kutoka sakafuni, na kwa hiyo upepo humpita juu mtu aliyelala. Katika vyumba vya kulala nalishusha hadi sentimita 60 na kuweka grili imara. Kisha uko uzio: ukuta wa tofali uliozibwa wote kwa mita 2.5 huua upepo wa ghorofa ya chini, kwa hiyo upande wa kusini mashariki na kaskazini mashariki hutumia tofali za matundu.

Paa hupokea jua kuliko ukuta wowote. Bati jeusi au la kijivu iliyokolea, ambalo sasa ndilo linalopendwa, huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi juani, na joto hilo hushuka kupitia dari. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Chini yake naweka karatasi ya kung'aa juu ya kenchi, na naacha matundu yenye wavu kwenye upenu na karibu na kilele ili hewa ya moto itoke. Beda Amuli alipolisanifu Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, aliliwekea paa la miavuli ya zege ambalo chini yake kuna kivuli na hewa inapita. Wazo hilo hilo linaifaa nyumba ndogo kabisa.

Kwa viwanja vya milimani kama Kimara na Madale, msikate kilima wima na kusogeza vyumba karibu na ukuta wa udongo, kwani hapo hakuna hewa wala ukavu. Na greda lisiletwe kabla miti haijatiwa alama. Mwembe uliokomaa upande wa magharibi unafanya kazi ambayo hakuna pazia linaloiweza.

Anayejenga Njombe au Makete asichukue ushauri huu ulivyo. Huko Juni na Julai ni baridi, na jua la miezi hiyo liko kaskazini, kwa hiyo ndilo la kukaribishwa: madirisha makubwa yawe kaskazini, upenu wake upunguzwe, madirisha ya kusini yawe machache, na kuta nene za tofali za kuchoma zitunze joto la mchana hadi usiku. Dodoma, penye ukavu na usiku wenye ubaridi kuliko mchana, kuta nene zinafaa pia, ila madirisha hufungwa mchana na kufunguliwa usiku.

Vifaa navijadili mwisho. Feni ya dari hutumia wati 75 hivi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia takriban kilowati 1, yaani umeme wa feni zaidi ya kumi. Chumba kimoja kilichokingwa vizuri kinaweza kuwekewa kiyoyozi kidogo kwa usiku wa Februari, na vingine vikabaki na feni. Paneli za jua zikae kwenye mteremko wa paa unaotazama kaskazini, kwa mwinuko wa nyuzi 10 hivi, ambao pia huruhusu mvua kuosha vumbi. Mnara wa simtanki uwe kusini mwa paneli, kamwe usiwe mashariki wala magharibi yake, kwa sababu kivuli chake cha asubuhi au jioni hulala juu ya paneli na kupunguza umeme kila siku.