Mawe ya figo yanayorudi: maneno ya mtaani na ukweli wake

"Ni mchanga wa dagaa"

Mwaloni Kibirizi, soko la samaki la Kigoma, wapo ambao bado huanika dagaa juu ya mchanga, na hata ukiwaosha maji matatu, jino litakutana na chembe. Basi mtu wa Kigoma akiambiwa ana mawe kwenye figo, wa kwanza kulaumiwa ni dagaa, kisha mchele uliochambuliwa kwa haraka, na kwa mjamzito, udongo wa pemba. Lakini mchanga ukishamezwa hupita kwenye utumbo na kutokea chooni. Hauna njia ya kufika kwenye figo. Jiwe huzaliwa ndani ya mkojo wenyewe. Mkojo ukiwa mzito, kalisi (madini ya maziwa na mifupa) na oksalati (chumvi iliyomo kwenye mboga kama mchicha) zilizoyeyuka humo hushikana na kuganda, kama maji ya chumvi ya Uvinza yanavyoacha chembe yakikauka.

Maji ya kisima yanayoacha gamba jeupe kwenye birika nayo husingiziwa. Kinachomponza mgonjwa ni kuyanywa kidogo.

"Maumivu yameisha, jiwe limetoka"

Dhana hii ndiyo inayoua figo kimyakimya. Jiwe likikwama kwenye mrija unaoshuka kutoka figo hadi kibofu, maumivu huja kwa mawimbi, kutoka ubavuni kushuka hadi kinenani. (Wengi huita mshipa au ngiri na kwenda kuchuliwa.) Figo ikizibwa kwa muda hupunguza kutengeneza mkojo, msukumo unashuka, maumivu yanatulia, na jiwe lipo palepale. Kuziba kukiendelea kwa wiki kadhaa kunaweza kuacha madhara ya kudumu.

Jiwe limetoka pale tu ulipoliona kwa macho au kipimo kilipothibitisha. Tenga chujio la chai kwa kazi hiyo tu na ukojoe humo kila mara. Utakachokamata kwa kawaida hakizidi punje ya ufuta au mtama, rangi ya kahawia au njano, mara nyingi kina miiba. Kisuuze, kikaushe, kitie kwenye kichupa kikavu, andika tarehe. Usikiloweke kwenye spiriti. Kikipimwa maabara kitasema ni jiwe la aina gani, na aina ndiyo inayoamua ule nini na umeze nini.

Mawe yaliyo chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6. Ya milimita 5 hadi 10 yaliyofika sehemu ya chini ya mrija husaidiwa na tamsulosini, dawa inayolegeza mrija. Yanayozidi 10 usiyasubiri.

"Ni UTI tu, rudia dozi"

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapochoka. Kipimo cha mkojo kinaonyesha damu, cheti kinaandikwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), antibayotiki zinatolewa kwa mara ya tatu. Mgonjwa anayerudi mara ya nne akilia maumivu huanza kuonekana msumbufu. Ukweli ni kwamba jiwe hukwaruza, likatoa damu na hata seli nyeupe bila bakteria yeyote kuwepo. Kichocho cha mkojo nacho hutoa damu. Kabla ya dozi nyingine, omba mambo matatu: mkojo uoteshwe maabara kutafuta bakteria, damu ipimwe kreatinini (kuona figo zinavyofanya kazi), na altrasaundi.

Altrasaundi ina mipaka yake. Huona jiwe lililo ndani ya figo na huona figo iliyovimba, ila jiwe lililo katikati ya mrija hulikosa mara nyingi, hasa tumbo likiwa na gesi. "Sioni kitu" si sawa na "hakuna kitu". Eksirei ya kawaida haioni mawe ya asidi ya yuriki, takataka ambayo mwili hutoa kwenye vyakula kama nyama na dagaa. CT skani isiyo na dawa ya mshipani hukamata mawe zaidi ya 95 kati ya 100.

Kwa maumivu yenyewe diklofenaki hufanya kazi vizuri, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au ujauzito.

Homa na kutetemeka juu ya maumivu ya ubavu ni dharura ya usiku huohuo. Mkojo uliooza nyuma ya jiwe hautibiwi kwa antibayotiki peke yake. Lazima utolewe, kwa stenti (mrija mwembamba unaowekwa ndani kati ya figo na kibofu) au kwa mrija unaopitishwa mgongoni. Usisubiri basi la Jumatatu.

"Jiwe ni kalisi, kwa hiyo acha maziwa"

Ushauri huu hutolewa hata na watu wa afya, na ni kinyume kabisa. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia wanaume 120 kwa miaka 5. Kati ya 60 waliopunguziwa kalisi, 23 mawe yaliwarudia. Kati ya 60 waliokula kalisi ya kawaida wakipunguza chumvi na nyama, ni 12. Kalisi ya chakula huikamata oksalati ndani ya tumbo na kutoka nayo chooni kabla haijafika kwenye figo.

Kwa hiyo ugali, mchicha na dagaa waliwao na mifupa yao ni sahani nzuri, ikiwa tu mchicha umechemshwa na maji yake kumwagwa, maana oksalati nyingi huingia kwenye maji hayo. Adui mkubwa ni chumvi: huvuta kalisi kwenye mkojo. Kiasi cha siku ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo tayari kwenye samaki wa chumvi na mkate. Magadi ya kulainishia maharage na mlenda ni sodiamu ileile.

Mwenye mawe ya asidi ya yuriki hesabu yake ni nyingine: apunguze dagaa, maini na nyama. Hayo huweza kuyeyushwa kwa dawa ya kupunguza ukali wa mkojo. Ya kalisi hayayeyushwi na bia wala mzizi wowote.

"Nakunywa maji mengi"

Kinachohesabiwa ni kinachotoka. Chukua dumu la lita 5. Mwaga mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha kusanya wote, pamoja na ule wa kwanza wa kesho yake. Lengo ni lita 2.5. Kiangazi cha Tabora mkulima hunywa lita 3 na dumu likaonyesha 1.2, jasho limekula nyingine. Wasafiri wa basi ndio wabaya zaidi: hawanywi kitu Tabora mpaka Kigoma. Glasi moja kabla ya kulala, na juisi ya ndimu mbili kwenye maji ya siku, vinasaidia. Mwenye moyo au figo zilizochoka amuulize daktari kwanza.

"Nimewekewa stenti, nimepona"

Stenti ni mrija wa muda, kwa kawaida miezi 3. Ikisahaulika huota gamba la mawe na kung'oa kwake kunakuwa operesheni. Mtu huwekewa Mwanza, anarudi Kasulu, hasikii kitu, mwaka unapita. Kabla ya kuruhusiwa uliza itatolewa tarehe ngapi na wapi, na iandikwe juu ya jalada la faili. Ndani ya faili ziwe nakala zako za picha, ukubwa wa jiwe kwa milimita, upande, kreatinini na tarehe, kwa sababu kila daktari mpya huanzia sifuri. (Kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma inaitwa Maweni ni bahati ya jina tu.)