Bourgogne Husomwa kwa Miguu

Wanafunzi ninaowafundisha kazi ya kuhudumia mvinyo, wakipewa chupa ya mvinyo wa Bourgogne, eneo la mashariki mwa Ufaransa, kwa mara ya kwanza, huigeuza huku na huku wakitafuta jina la zabibu. Mara nyingi hawalipati. Wanaona jina la kijiji, labda na la shamba, basi. Wenyeji hawaoni haja ya kuitaja zabibu: mvinyo mwekundu wa Côte d'Or, kitovu cha Bourgogne, karibu wote hutoka kwa Pinot Noir, na mweupe kwa Chardonnay. Kinachotofautisha chupa na chupa ni ardhi. Ndiyo maana anayeniomba ushauri wa safari mimi humwambia atafute kwanza viatu vizuri vya kutembelea.

Côte d'Or ni ukanda mwembamba wa miteremko unaoanzia Dijon kwenda kusini, takriban kilomita 60. Mahali pengine upana wa mashamba haufiki hata kilomita moja. Ukanda huo umekatwa vipande wanavyoviita klima. Neno hilo hapa halihusu hali ya hewa. Klima ni kipande cha shamba chenye jina lake, mipaka yake na sifa yake, na mengi ya majina hayo yametumika kwa karne nyingi. Mwaka 2015 UNESCO iliziingiza klima 1,247 katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Anzia shamba la Clos de Vougeot. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulima mizabibu hapo katika karne ya 12, kisha wakalizungushia shamba ukuta wa mawe. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya ardhi hiyo, na mwaka 1889 ikauzwa kwa wanunuzi kadhaa. Tangu hapo mauzo na urithi vimeikata zaidi na zaidi, hata leo hekta zake 50 hivi zina wamiliki wapatao 80, kila mmoja na ngwe yake.

Sasa tembea. Upande wa chini, karibu na barabara kuu, udongo ni mzito, wa mfinyanzi, na mvua ikinyesha maji hutuama. Panda polepole kuelekea jengo la kale la watawa. Vipande vya mawe ya chokaa vinaanza kusagika chini ya soli, udongo unakuwa mwepesi, maji yanapita. Mizizi ya upande wa juu na ya upande wa chini haiishi maisha yaleyale, lakini kibandiko cha chupa kinasema maneno yaleyale: Clos de Vougeot, Grand Cru, daraja la juu kabisa. Kwa hiyo mimi humuuliza mkulima ngwe yake iko wapi kabla sijauliza mwaka wa mavuno.

Ukipenda mila zaidi ya mashamba, nenda Novemba. Jumapili ya tatu ya mwezi huo mji wa Beaune hufanya mnada wa Hospices, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin pamoja na mkewe, Guigone de Salins. Waumini na wagonjwa waliiachia hospitali mizabibu kwa wasia, na tangu 1859 mvinyo wake huuzwa kwa mnada, pipa kwa pipa, kila pipa lita 228. Zamani bei ilifungwa mshumaa ulipozimika. Kesho yake, katika kijiji cha Meursault, kuna karamu ya mchana iitwayo Paulée, ambapo kila mgeni huja na chupa zake na kuwamiminia majirani wa mezani.

Hata hivyo, mila inayonigusa kuliko zote ni ya Januari, sikukuu ya Mtakatifu Vincent, msimamizi wa wakulima wa mizabibu. Vyama vinavyobeba sanamu yake katika maandamano ni vyama vya kusaidiana: mwenzao akiugua, wengine huenda kumpogolea mizabibu na kumlimia hadi apone. Ni msaragambo hasa.

Kwa wazalishaji wadogo weka miadi mapema, na epuka Septemba, maana wakati wa mavuno hakuna mwenye nafasi ya wageni. Ghalani usishangae ukionjeshwa mwekundu kabla ya mweupe. Wengi huko hufuata mpangilio huo. Kutema mvinyo baada ya kuonja ni adabu ya kazi, hakumvunjii mtu heshima. Ukionjeshwa kutoka kwenye pipa, usimwage kilichobaki kwenye glasi hadi umtazame mwenyeji wako, kwa sababu baadhi yao hukirudisha pipani.

Siku ya mwisho kodi baiskeli Beaune, upite vijiji vya Pommard, Volnay na Meursault hadi Puligny. Shuka palipo na kijia kati ya shamba la Montrachet, hekta 8 tu, na Bâtard-Montrachet iliyo chini yake. Simama katikati, uinamie udongo wa upande huu, kisha wa upande ule.