Maana ya sanamu ya Cupid na Psyche

Cupid na Psyche ni jina la sanamu za marumaru za Roma ya kale zinazoonyesha kijana na msichana waliosimama wakikumbatiana na kubusiana. Iliyo mashuhuri kuliko zote imo katika Makumbusho ya Capitolini mjini Roma. Ilifukuliwa kwenye kilima cha Aventino, na mwaka 1749 Papa Benedikto XIV akaikabidhi makumbusho hayo. Isichanganywe na ile ya mchongaji Mwitaliano Canova iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris, ambayo ni kazi ya karne ya 18.

Maana yake imo katika majina yenyewe. Cupid ni mungu wa mapenzi wa Warumi, ambaye Wagiriki walimwita Eros, na jina lake la Kilatini lina maana ya tamaa. Psyche ni neno la Kigiriki la roho au nafsi, na neno hilohilo lilitumika pia kwa kipepeo, ndiyo sababu wasanii wengi walimchora au kumchonga akiwa na mabawa ya mdudu huyo. Katika sanamu ya Capitolini wote wawili hawana mabawa. Kijana yu uchi, msichana amefungwa nguo kiunoni, na miili yao ni ya watoto wanaoanza kubalehe, jambo linalolifanya busu lao lionekane la upole kuliko la ashiki.

Wengi hueleza kwamba mchongaji alikuwa akisimulia hadithi ya Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 BK aliyezaliwa Madauros, katika Algeria ya leo. Humo Psyche ni binti mfalme ambaye mumewe humjia gizani tu na kumkataza asimtazame. Usiku mmoja anawasha taa, tone la mafuta ya moto linamwangukia mume begani, naye anaruka zake. Baada ya kutumikishwa kazi ngumu na Venus, mama yake Cupid, Psyche anapewa kinywaji cha kutokufa na ndoa inakubaliwa. Hadithi ni tamu, lakini kwenye marumaru hakuna taa, hakuna mafuta, wala Venus. Isitoshe, sanamu hii ni nakala ya kazi ya Kigiriki inayokadiriwa kuwa ya karne ya 2 KK, yaani mkumbatio huu ulikwisha kuchongwa muda mrefu kabla Apuleius hajazaliwa. Nionavyo, ni sahihi zaidi kuutazama kama wazo lililopewa miili: tamaa na roho zimeshikana.

Neno "nakala" hapa halina maana ya kitu cha kughushi. Warumi wenye uwezo waliagiza kazi za Kigiriki zichongwe upya kwa ajili ya nyumba na bustani zao, na karakana zikatoa umbo moja mara nyingi. Huko Ostia, bandari ya kale ya Roma, ipo nyumba ya karne ya 4 BK inayoitwa Nyumba ya Cupid na Psyche kwa sababu sanamu ndogo ya wawili hao ilikutwa humo. Mkumbatio huohuo ulichongwa pia kwenye majeneza ya mawe, yakiwemo ya watoto wadogo, ambako roho ya marehemu ndiyo iliyokumbatiwa.