Urefu wa ghorofa si hesabu ya watu

Hapa Tabora, ukitaka ubishi unoge kijiweni, onyesha picha ya Dubai au New York kwenye simu. Papo hapo atatokea wa kusema: "Wenzetu wamemaliza, sisi mpaka lini?" Kutamani ni ruhusa. Kinachonikera ni hoja zinazofuata, kwa sababu nyingi zimejengwa juu ya picha tu.

Inayoongoza ni kwamba mji huwekwa ghorofa ndefu ili ubebe watu wengi. Sasa tazama Manhattan, kile kisiwa cha katikati ya New York. Mwaka 1910 kilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3, na jengo la Empire State lilikuwa halijaota hata msingi, lilikamilika 1931. Sensa ya 2020 ilikuta pale watu kama milioni 1.7. Minara imeongezeka, wakazi wamepungua kwa zaidi ya laki sita.

Wale wa 1910 walikuwa wanakaa wapi? Kwenye nyumba za kupanga za ghorofa tano au sita. Familia nzima vyumba viwili vitatu, na bado inaingiza mpangaji wa kulala sebuleni ili kodi itimie. Vyumba vingi vya katikati havikuwa na dirisha la nje. Ilibidi ije sheria ya 1901 kulazimisha nyumba mpya ziwe na mwanga, hewa na choo ndani ya kila makazi. Baadaye treni za mjini ziliwapeleka watu Bronx, Brooklyn na Queens, sehemu nyingine za New York, na sehemu kubwa ya minara ya Manhattan ikawa ofisi. Anayejua nyumba zetu za kupanga, milango imepangana pande zote na uwani mmoja wa wote, hatashangaa kwamba kubanana hakuhitaji lifti.

Paris nayo haina ghorofa ndefu nyingi katikati ya mji. Majengo mengi ni ya ghorofa sita au saba, yameshikana ukuta kwa ukuta, na bado kila kilomita ya mraba ina watu wapatao 20,000. Burj Khalifa ya Dubai ina mita 828, lakini zaidi ya mita 200 za juu hazikaliwi na mtu. Ni urembo. Sina ugomvi na urembo, mradi tusiuite makazi.

Ya pili inanigusa zaidi, maana inatuumiza hapa hapa: eti udongo ni wa nyumba ya maskini na haupandi ghorofa. Kule Shibam, Hadhramaut, nchini Yemen, walikotoka mababu wa Washihiri tunaowajua, kuna nyumba za matofali mabichi zinazofika ghorofa saba, na mji huo ulivyo leo ni wa tangu karne ya 16. Ukuta wake ni mnene chini na unapungua kadiri unavyopanda, na plasta hurudiwa kila inapoliwa na mvua. Siri ni matunzo. Sisi tunalo tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872: ukuta mnene ambao jua la Oktoba halipenyi haraka. Ulinganishe na chumba cha bati lisilo na dari saa nane mchana.

Sisemi turudi kwenye tembe. Masika yetu ni makali, na udongo bila msingi wa mawe na paa lililotokeza nje hautoboi. Lakini tofali la kuchoma nalo lina gharama yake. Tazama tanuri likipangwa: matofali juu kwa juu, midomo ya kuni imeachwa chini, nje linasiribwa kwa tope, kisha magogo ya miombo yanaingia usiku na mchana. Tofali lililogandamizwa kwa mashine, udongo na saruji kidogo, halihitaji hata gogo moja.

Kuna wanaoamini nyumba za serikali mahali pote ni za hohehahe. Vienna, Austria, manispaa inamiliki nyumba zipatazo 220,000, na mwalimu na fundi bomba wanapanga jengo moja. Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na lilijengwa likiwa na sehemu za kufulia nguo na shule za chekechea. Basi.

Ya mwisho huletwa na wenye viwanja: "Ulaya na Asia ukinunua ni chako milele, huku hati inaisha muda." Singapore, ambako karibu wanane kati ya kila watu kumi wanaishi nyumba zilizojengwa na bodi ya serikali, mnunuzi anapata haki ya miaka 99. Hong Kong, karibu ardhi yote ni ya kukodishwa na serikali. Inayotajwa kuwa nje ya utaratibu huo ni ya kanisa kuu la Mtakatifu Yohana. London nako, fleti nyingi huuzwa kwa muda maalumu, na miaka ikibaki michache bei yake hushuka. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hatimiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo kabla ya kulipia kiwanja, soma hati imebakiza miaka mingapi, maana nyingine zilitolewa kwa 33 tu na muuzaji hatakukumbusha.