Ukungu Ukutani: Tafuta Maji Kwanza

Masika yakishika, wakazi wa pwani huuliza ni kipimo gani cha maabara kitawaambia aina ya ukungu uliomo ndani ya nyumba. Kwa nyumba nyingi huko ni kupoteza hela bure. Mbegu za ukungu zimo katika hewa ya kila nyumba, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu haukuweka idadi ambayo chini yake nyumba ni salama. Uwe mweusi au wa kijani, dawa yake ni ileile: kukata maji yanayoulisha.

Anza na pua. Ingia asubuhi, kabla madirisha hayajafunguliwa, ukitokea nje; ukikaa ndani dakika chache pua huzoea uvundo. Kisha laza tochi sambamba na ukuta, mwanga uupitie ubavuni. Rangi iliyofura huonekana hapohapo. Vuta kabati, inua godoro, chungulia chini ya sinki na kwenye pembe za dari.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: unga mweupe unaomenya rangi, ambao mitaani huitwa fangasi, mara nyingi si kuvu hata kidogo. Ni chumvi. Dondoshea tone la maji: chumvi huyeyuka ikatoweka, ukungu hubaki. Chumvi hiyo hupandishwa na maji ya ardhini, au ilikuja na mchanga wa baharini uliotumika kujengea. Kuipigia dawa ya kuua fangasi hakusaidii kitu.

Mahali lilipo doa nako kunasema. Likitambaa kutoka sakafuni hadi kama mita 1, maji yanapanda toka kwenye msingi. Likianzia juu, kagua bati na mifereji. Likiwa katikati ya ukuta wa bafu au jiko, shuku bomba. Jaza tangi, funga mabomba yote, andika namba za mita, kisha zisome tena baada ya saa 2; zikisogea, kuna bomba linalovuja. Weka na alama ya kina cha maji tangini, kwa sababu bomba linalovuja baada ya tangi huenda lisiisogeze mita mpaka boya linalofungulia maji ya kujaza tangi lishuke.

Bado una shaka? Kata nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, uiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa.

Hewa hupimwa kwa haigromita ndogo, kifaa kinachoonyesha unyevu wake. Ukungu hustawi unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, kiwango ambacho pwani huvukwa kirahisi wakati wa mvua. Kwa hiyo acha upenyo wa sentimita 10 kati ya kabati na ukuta wa nje. Kiyoyozi nacho kisiwekwe nyuzi 18 huku dirisha likiwa wazi: hewa ya nje yenye unyevu ikigusa dari iliyopoa hugeuka maji, kama kwenye soda ya baridi.

Nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zina kasoro yake ya kipekee, nayo huletwa na fundi mwenye nia njema. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa, na unyevu wake hutoka nje kupitia chokaa hiyo. Ukizipiga plasta ya saruji, maji hunaswa ndani. Baada ya muda plasta hufura na kubanduka. Rudishia chokaa, hata kama saruji ni rahisi kupatikana.

Doa lisilozidi mita 1 ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe. Vaa glavu na barakoa ya N95, sugua kwa maji ya sabuni, kausha. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, maana hutoa gesi ya sumu. Dari ya jipsamu iliyoota ukungu ikatwe na kutupwa. Mizizi yake imeshaingia ndani. Rangi mpya isubiri: bandika nailoni upya, na ikiamka kavu, mwite mpaka rangi.