Mabaki ya mimea kwenye udongo wa swampu: kaboni inakaaje humo?

Watu wakisikia swampu inatunza kaboni wanaangalia mafunjo, yale marefu ya kijani, kumbe mzigo wenyewe uko chini kwenye tope jeusi. Ingia kwenye swampu ya mafunjo ambayo haijaguswa, chota tope ulikamue, yatatoka maji ya kahawia halafu mkononi utabaki na nyuzinyuzi, na ukiziangalia vizuri unaona kabisa hii ilikuwa mizizi. Hayo ndo mabaki ya viumbe hai, yaani chochote kilichoishi kikafa kikabaki udongoni. Ukiyakausha, karibu nusu ya uzito ni kaboni, na mmea uliivuta kutoka hewani.

Sasa mbona hayaozi yakaisha? Shambani udongo una hewa, bakteria na kuvu wanakula majani yaliyokufa na kaboni nyingi inarudi angani haraka tu. Kwenye swampu maji yamejaa kila kitundu, oksijeni kidogo inayoingia inaisha hapohapo, wanabaki bakteria wa kuishi bila hewa na hao kazi yao ni ya taratibu mno, huku juu mafunjo yanaota yanakufa yanaota tena, basi mabaki yanarundikana, sehemu zingine mpaka mita kadhaa.

Mabwawa ya chumvi ya pwani, yale ya nyasi yanayofunikwa bahari ikijaa kama kule Uingereza na Marekani, ni hivyohivyo, ila maji yakija yanaleta na matope, nyasi zinayanasa, mabaki yanafukiwa. Huko inazikwa takriban gramu 200 za kaboni kwa mita moja ya mraba kila mwaka, nyingi sana hiyo. Halafu bahari ina salfeti, aina ya chumvi, na bakteria wanaoitumia wanawazidi nguvu wale wanaotengeneza methani, gesi inayoongeza joto la dunia, ndo maana kunanuka mayai viza lakini methani ni kidogo. Swampu zetu za maji baridi hazina bahati hiyo, methani inatoka, na tusilifiche hilo tunapozitetea.

Kupima mabaki hayo sio ngumu: unakausha udongo, unapima uzito, unauchoma kwenye tanuri nyuzi joto 550 hivi, unapima tena, uzito uliopungua ndo mabaki.

Shida inaanza na mtaro. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mabonde mengi yalikaushwa tangu enzi za mkoloni, leo ni viazi na ng'ombe wa maziwa. Maji yakishuka hewa inaingia, bakteria wanavamia rundo la mamia ya miaka, kaboni inatoka hata kama juu kumependeza kijani, na udongo wenyewe unadidimia mpaka mkulima analazimika kuchimba mtaro tena, kina zaidi. Kwa hiyo mradi ukija kijijini kwenu kusema unarudisha swampu, kabla ya kuhesabu miche waulize mitaro itazibwa lini na maji yatasimama wapi wakati wa kiangazi.