Kilowati-saa: uniti za umeme ndani ya pikipiki ya mbio

Mtu akisema anaunda pikipiki ya mbio ya umeme, watu humuuliza mota yake ina kilowati ngapi. Mimi ningeanza na betri: ina kilowati-saa ngapi? Majina yanafanana, lakini ni vitu viwili.

Kilowati hupima nguvu, yaani kasi ambayo umeme unatumika wakati huo. Kilowati-saa hupima akiba. Ndiyo ile ile uniti unayonunua kwa LUKU au tokeni. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima bila kujizima (pasi nzuri hujizima, lakini tuseme), imekula uniti moja.

Sasa chukua Ducati V21L, pikipiki ya umeme iliyoingia mwaka 2023 kwenye MotoE, mashindano ya dunia ya pikipiki za umeme. Mota yake ni kilowati 110, betri kilowati-saa 18. Uniti 18! Gawanya 18 kwa 110: ukivuta eksileta mpaka mwisho bila kuachia, akiba inakata kabla ya dakika 10. Kona na breki humsaidia dereva kuirefusha akiba kidogo zaidi, lakini si ajabu mbio zile zilikuwa za mizunguko michache tu. Nishati ya uniti hizo 18 ni kama ya lita mbili za petroli, ila injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa kama joto, mota haipotezi hivyo.

Fundi anakwama kwenye uzito. Betri ya V21L ya mwaka 2023 ilikuwa na kilo 110, na pikipiki nzima kilo 225. Ongeza seli (vibetri vidogo vinavyounda betri), pikipiki inakuwa nzito kwenye kona na breki zinachemka; punguza, unaisukuma kwa miguu kabla ya mstari wa mwisho. Ducati walifanya kasha la betri liwe sehemu ya fremu yenyewe, ili wasibebe chuma mara mbili. Anayechomeka betri kwenye fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hana bahati hiyo.

Halafu kuna upepo. Kwenye mbio za pikipiki za Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ayalandi, mzunguko mmoja ni kilomita 60.7. Mwaka 2009 Rob Barber alishinda mbio za umeme kwa wastani wa kilomita 140 kwa saa; mwaka 2019 Michael Rutter alifikisha 196 akiwa na pikipiki ya umeme ya Mugen. Kasi haikuongezeka hata mara moja na nusu, lakini upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kuupasua upepo katika umbali ule ule kulidai karibu uniti maradufu. Ndiyo maana dereva analala kifudifudi, kidevu juu ya tangi ambalo halina hata tone la petroli.

Na usipige hesabu ya uniti zote. Betri ikikaribia kwisha volti hushuka, kontrola (kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota) inabana nguvu kulinda seli, na pikipiki inalegea mikononi mwako kwenye mzunguko wa mwisho.